Kusoma Jenomu ya Kloroplasti ya Kichaka Kilicho Hatarini Kutoweka
Jenomu ya kloroplasti ni DNA yote iliyomo ndani ya kloroplasti, vijisehemu vya kijani vya seli vinavyofanya usanisinuru. Ukishapata kibali, chuma majani machache machanga tu, kwani mmea adimu haustahili kuumizwa zaidi, na uyakaushe mara moja ndani ya silika jeli (chembe zinazofyonza unyevu). Toa DNA kwa njia ya CTAB (kemikali ya aina ya sabuni inayosaidia kutenganisha DNA na ute), hasa majani yakiwa na ute mwingi, kisha isomwe kwa vipande vifupi. Kila seli ya jani ina nakala nyingi za jenomu hii, hivyo usomaji wa kina kidogo, yaani wa kurudia mara chache tu, hutosha. Unganisha vipande kwa programu ya GetOrganelle. Duara la DNA litakalopatikana kwa kawaida huwa na besi (herufi za DNA) 120,000 hadi 160,000, na aghalabu lina sehemu mbili zinazojirudia kwa mwelekeo uliopinduka. Mipaka ya sehemu hizo, ambako makosa hujificha, ihakikiwe kwa kulinganisha upya vipande vya awali kabla ya kutambua jeni.