Somo: Namna ya kuyafikia maporomoko yasiyo na kibao kwenye miteremko ya Kilimanjaro

Ndugu wanachama, tangu tuliporudi kutoka poromoko la Materuni wengi mmeniomba nieleze jinsi ya kuyafikia maporomoko madogo ambayo hayana kibao barabarani wala hayamo katika ratiba za kampuni za utalii. Nimekulia Uru, juu ya mji wa Moshi, na nimeshuka makorongo ya upande huu wa kusini wa mlima tangu nikiwa mtoto wa kutumwa majani ya ng'ombe, kwa hiyo nitaeleza kwa utaratibu ule ule ninaoufuata mwenyewe. Naomba mshike jambo moja kabla hatujaanza: njia ya kwenda kwenye maporomoko haya hupita katikati ya vihamba vya watu, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, chini ya migomba na kahawa zao, na mara nyingi mbele ya mlango wa jiko. Mtu akilielewa hilo vizuri, safari yake imekwisha kuwa nyepesi kwa nusu.

Hatua ya kwanza ni kuchagua mgongo sahihi wa ardhi. Mito yetu hushuka kutoka msituni kuelekea tambarare, na kila mto umechimba korongo lake katika miamba ya volkano. Mahali ambapo mto umekutana na tabaka gumu la mwamba lililolala juu ya tabaka laini, maji yamekula lile la chini na kuliacha la juu likiwa ukingo, na hapo ndipo poromoko linapozaliwa. Kati ya korongo na korongo kuna mgongo, na juu ya mgongo huo ndiko ziliko nyumba, shule, makanisa na barabara. Barabara nyingi hupanda pamoja na mgongo, na ni chache zinazokata korongo. Kwa sababu hiyo poromoko ambalo ramani ya simu inakuonyesha kuwa liko mita 400 kutoka uliposimama laweza kuwa ng'ambo, na kulifikia ikakulazimu ushuke hadi kwenye daraja la chini, uvuke, kisha upande mgongo wa pili kwa saa nzima au zaidi. Mara ya kwanza nilipowaongoza wageni wangu kutoka Arusha nilifanya kosa hilo hilo. Tulisimama ukingoni tukiyaona maji ng'ambo, meupe, yakianguka kimya kwa sababu upepo ulikuwa unapeleka sauti upande wa pili, na jua lilikuwa limebakiza saa moja tu. Tuligeuka. Tangu siku hiyo siulizi poromoko liko umbali gani. Nauliza linashukiwa kutoka kijiji gani.

Hatua ya pili ni kuchagua msimu, na hapa watu wengi hujidanganya wakidhani kwamba mvua nyingi ndiyo safari nzuri. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, maji huwa mengi na ya kutisha, lakini udongo wetu mwekundu huteleza kama sabuni na mto hauvukiki. Juni na Julai ndiyo miezi ninayoipenda kuliko yote, kwa sababu mvua zimepungua huku msitu ukiendelea kuachia maji uliyoyashika. Januari na Februari pia zinafaa, baada ya vuli kumalizika. Ukichelewa hadi Septemba au Oktoba utakuta baadhi ya maporomoko madogo yamekonda sana, na si kwa sababu ya ukame peke yake: maji yamechepushwa juu zaidi kuingizwa katika mifongo, ile mifereji ya asili ambayo Wachaga wameichimba kwa vizazi vingi ili kumwagilia vihamba. Maji hayo yana kazi kubwa kuliko picha zetu. Niongeze hapa, kwa kuwa naisikia mara kwa mara, kwamba mito hii haitegemei barafu ya Kibo, kilele cha mlima, kama watu wanavyosimuliana; sehemu kubwa ya maji yake inatokana na mvua na ukungu wa ukanda wa msitu, na ndiyo maana kila mti unaokatwa huko juu unatuhusu sisi tunaotafuta maporomoko.

Hatua ya tatu ndiyo iliyo nzito kuliko zote, nayo ni kuomba njia. Ukishuka kwenye daladala au bodaboda, usianze kutembea. Nenda kwanza ofisi ya kijiji, au kama imefungwa mtafute mwenyekiti wa kitongoji, useme umetoka wapi, mko wangapi na mnataka kwenda wapi. Materuni, ambayo iko kilomita 15 hivi kutoka Moshi mjini na ina poromoko la takriban mita 80, utaratibu umekwisha zoeleka: unaandika jina kitabuni, unalipa kiingilio, unapewa kijana wa kukuongoza. Kwenye vijiji visivyozoea wageni utaratibu unautengeneza wewe kwa adabu yako. Mzee aliyekaa kibarazani unamwamkia shikamoo na kusubiri aitikie, kisha unamweleza shida yako bila haraka, hata kama unaona njia iko wazi nyuma ya nyumba yake. Usipite mahali palipopandwa masale bila kuuliza, kwa sababu sale kwetu ni mpaka wa kihamba, na ni mmea wenye heshima kiasi kwamba mtu aliyemkosea mwenzake humpelekea jani lake kuomba msamaha.

Nitawapa mfano mmoja. Kuna bibi mmoja ambaye mwanzoni alikataa katakata tusipite kwake. Tulipokaa na kuzungumza, alituonyesha sababu: wiki iliyotangulia kundi la vijana lilikuwa limepita juu ya kingo za mfongo wake, ukingo ukabomoka mahali pa upana wa kiganja tu, na maji ya zamu yake yakamwagika usiku kucha kwenye kahawa za jirani huku migomba yake ikibaki mikavu. Alichutama, akaweka mkono wake kwenye lile pengo lililozibwa kwa udongo na mgomba uliopasuliwa, akasema, "Hapa." Sikuwa na la kujibu. Tuliomba radhi kwa niaba ya tusiowajua, na mwisho ni yeye mwenyewe aliyetutoa hadi ukingoni mwa korongo. Kwa hiyo tembeeni kando ya mfongo, kamwe msikanyage kingo zake.

Na mfongo huo huo ndio unaokupa njia bora ambayo hakuna ramani itakayokuonyesha. Mfongo hushuka taratibu sana, kwa hiyo ukiufuata kinyume cha maji utaingia korongoni polepole bila mteremko mkali, mpaka ufike kwenye banio ambako maji yanachukuliwa mtoni. Mabanio mengi niliyoyaona yamejengwa mahali ambapo mto uko juu na umebanwa na miamba, na mara kadhaa nimefika kwenye banio nikasikia poromoko likinguruma hatua chache mbele. Ombeni tu ruhusa ya kuufuata, kwa maana mfongo una wenyewe na una wazee wanaousimamia.

Hatua ya nne ni viatu na mzigo, na sitakaa sana hapo. Viatu vyenye soli ya meno, au mabuti ya mpira kama njia ina matope. Kandambili na yeboyebo ziacheni nyumbani. Fimbo moja kila mtu, maji ya kunywa yaliyochemshwa, sweta, na mfuko usiopitisha maji kwa ajili ya simu. Mkiona mstari mweusi wa siafu njiani, rukeni kwa hatua ndefu na msisimame kupiga soga karibu yake.

Hatua ya tano ni kuusoma mto, na naomba hii msiipite haraka. Mvua inayokuhatarisha si lazima ikunyeshee wewe. Inanyesha msituni, kilomita nyingi juu yako, wakati wewe uko kwenye jua, na maji yanakuja baadaye yakiwa yamejikusanya katika korongo jembamba lisilo na pa kuyatawanya. Mwezi wa Aprili, miaka kadhaa iliyopita, nilivuka kijito kilichonifika kwenye vifundo vya miguu, nikakaa ng'ambo kula ndizi. Nilikuwa nimezoea kuchagua jiwe moja ambalo kichwa chake ni kikavu na kulitazama kila baada ya muda. Nilipolitazama mara ya tatu kichwa kilikuwa kimelowa; mara ya nne sikuliona. Majani makavu na vijiti vilikuwa vinapita kwa wingi, na maji yaliyokuwa ya kung'aa yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya maziwa. Sikujaribu kurudi nilikotoka. Nilipanda ukingo upande ule ule niliokuwa, nikatokea kijiji kingine kabisa usiku, na mama mmoja akanipa mahali pa kulala. Basi chagueni jiwe lenu mara tu mkifika, na likianza kulowa, au maji yakibadilika rangi, pandeni juu hapo hapo bila kumsubiri anayemalizia picha.

Mkifika chini ya poromoko, kaeni pembeni ya bwawa na msisimame pale maji yanapoangukia, kwa sababu mto hubeba mawe na magogo, navyo huanguka pamoja na maji. Maji yenyewe ni baridi kuliko unavyotarajia. Ingia kidogo kidogo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama aliyeko Njiro, Arusha: Shikamoo mwalimu. Nina watoto wawili, wa miaka sita na tisa, na mama yangu mzee. Tuanze na lipi?

Marahaba. Waanzisheni na poromoko la Kinukamori, Marangu. Daladala za kutoka Moshi kupitia Himo zinawafikisha Marangu Mtoni, na kutoka hapo ni mwendo usiofika nusu saa kwa miguu. Njia imetengenezwa, kuna ngazi, na mama anaweza kukaa juu akitazama bila kushuka. Watoto watapenda kusimuliwa habari za Makinuka, msichana wa hadithi za Marangu ambaye alisimama juu ya poromoko hilo akiwa na huzuni, akitaka kujirusha, akabadili nia ageuke kurudi nyumbani, akamkuta chui nyuma yake, akaanguka kwa kushtuka. Sanamu yake ipo pale pale. Kilasia, ambalo liko Marangu hiyo hiyo, lina mteremko mkali zaidi, kwa hiyo mama asishuke.

Mwanachama wa Majengo, Moshi: Je, tukipanda juu zaidi ya vihamba tunaweza kuendelea msituni kutafuta maporomoko mengine?

Hapana, kaka, si bila kibali. Msitu ulio juu ya vijiji umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na kuingia ni lazima kupitie lango na malipo ya hifadhi. Mkiona migomba imekwisha na miti ya asili imeanza, simameni mumuulize mwenyeji wenu mpaka uko wapi. Wakazi wa vijijini wenyewe wana masharti ya kuingia humo, na mgeni anayewavuta kwenda naye anawaingiza matatani.

Dada mmoja wa kundi letu: Mara ya mwisho tulidaiwa fedha mara tatu kwenye njia moja. Tufanyeje?

Pole sana, dada yangu. Kiingilio hulipwa ofisini na hutolewa stakabadhi. Itunzeni na muionyeshe mtakapoulizwa tena. Mwongoza njia mpatane naye bei kabla ya kuondoka, mbele ya mtu wa ofisi. Mwenye kihamba mnachopita hana bei, ila akiwapa maji, ndizi au kahawa, mshukuruni kwa kununua kitu kwake. Atakayewafungia njia kwa ukali bila stakabadhi, msibishane naye; rudini kwa mwenyekiti.

Mwanachama wa Sakina, Arusha: Sisi wa Meru tumesahauliwa. Huku hakuna?

Mpo, na mna bahati kubwa. Napuru, kwenye miteremko ya Mlima Meru, inafaa kwa mtu aliyekwisha zoea kutembea ndani ya maji, kwa kuwa sehemu ya njia ni kijito chenyewe, na yale niliyoyasema kuhusu jiwe na rangi ya maji yanahitajika huko kuliko kokote. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha kuna Tululusia na Maio. Huko matembezi ya miguu hufanywa pamoja na askari wa hifadhi mwenye silaha, kwa sababu nyati ni wengi, na nyati aliyelala kichakani humwoni mpaka umeshamkaribia. Msitengane na askari hata kwa ajili ya kujisaidia, mwambieni, atasimama.

Mwanachama mpya: Simu yangu hupoteza mtandao korongoni. Nitarudije?

Pakua ramani ukiwa mjini, lakini usiitegemee, kwa sababu kuta za korongo huziba mawimbi na alama yako huruka huku na huko. Kabla ya kushuka, mwachie mtu wa juu jina lako na saa utakayorudi. Mwenye duka la karibu anatosha. Kila njia inapogawanyika, geuka utazame nyuma, kwa kuwa njia uliyoijia haifanani na ile utakayorudia. Na uanze kupanda saa tisa alasiri, hata kama hujashiba kutazama, maana korongoni giza huingia mapema kuliko kijijini.