Unasihi wa asidi ya foliki kabla ya mimba: maswali, dozi na makosa ya kuepuka

Mrija wa neva, ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo, hufunga kufikia siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Kwa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28, hiyo ni kama wiki mbili tu baada ya kukosa hedhi, na wengi wakati huo hawajapima hata mkojo. Anayefika kliniki ya wajawazito na mimba ya wiki nane au kumi, mrija wa mtoto wake umeshafunga, au umeshabaki wazi. Ukibaki wazi sehemu ya chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Ukibaki wazi juu, fuvu na sehemu kubwa ya ubongo haziumbiki, na mtoto hufia tumboni au muda mfupi baada ya kuzaliwa. Asidi ya foliki ni vitamini inayopunguza hatari hiyo. Kidonge chake cha hudhurio la kwanza kinasaidia damu ya mama, lakini kwa kasoro hizi huwa kimeshachelewa.

Kwa hiyo usiusubirie unasihi huu kliniki ya wajawazito. Ufanyie kwenye uzazi wa mpango, siku ya chanjo ya mtoto, kliniki ya kisukari, kliniki ya kifafa na dirisha la dawa. Usiulize tu kama mteja anapanga kuzaa, maana karibu nusu ya mimba duniani hazikupangwa. Uliza hivi: "Kuna uwezekano wowote wa kushika mimba mwaka huu, hata kama hujapanga?" Akijibu "ndiyo" au "sijui", ushauri ni uleule: aanze kidonge.

Kabla ya kutaja dozi

Kwanza tafuta wanaohitaji dozi kubwa. Muulize kama amewahi kubeba mimba yenye mgongo wazi au mtoto asiye na fuvu, zikiwamo zilizoharibika au kutolewa. Muulize kama yeye mwenyewe au baba wa mtoto ana kasoro hiyo, au kama ipo katika ndugu wa karibu. Upande wa mwanamume husahaulika sana, ilhali una uzito. Kisha magonjwa: kisukari, kifafa, selimundu, matatizo ya utumbo yanayozuia chakula kufyonzwa. Kisha dawa, na hapa usikubali jibu la "natumia dawa za kawaida tu". Omba kuona pakiti. Valproati na karbamazepini, dawa za kifafa, huongeza hatari ya mgongo wazi. Methotreksati, dawa ya baridi yabisi na baadhi ya saratani, hupinga kazi ya foliki moja kwa moja, na anayeitumia hapaswi kushika mimba kabisa mpaka daktari wake aibadilishe na kumwambia ni salama. Tatizo hilo halimalizwi kwa kumwongezea vidonge.

Kwa mwenye kifafa, sema kwa uwazi kwamba asiache dawa zake ghafla. Degedege la kifafa wakati wa ujauzito ni hatari kwa wote wawili. Mpeleke kwa daktari wake kabla ya mimba, na umweleze kwamba foliki haifuti madhara ya valproati kwa mtoto, hata akimeza dozi kubwa.

Dozi

Asiye na hatari ya ziada: mikrogramu 400, yaani miligramu 0.4, kila siku. Aanze walau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba na aendelee mpaka mwisho wa wiki ya 12. Miezi mitatu ni bora zaidi, kwa sababu chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi na akiba ya foliki ndani yake hupanda polepole. Anayetaka kutolewa kipandikizi au kitanzi aanze vidonge kabla ya siku ya kutolewa, maana uwezo wa kushika mimba hurudi haraka.

Aliyewahi kupata mimba yenye kasoro hii: miligramu 4 au 5 kwa siku, kwa cheti cha daktari, mpaka wiki ya 12, kisha arudi kwenye 0.4. Namba 4 ilitoka kwenye utafiti wa baraza la utafiti wa tiba la Uingereza uliochapishwa mwaka 1991. Ulihusu wanawake waliokwisha kupata tatizo hili. Kati ya mimba 1,195 ambazo matokeo yake yalijulikana, kasoro ilijirudia 27: 6 kwa waliomeza foliki na 21 kwa wasiomeza. Hiyo ni pungufu ya asilimia 72 hivi. Namba 5 hutumika kwa sababu ndicho kidonge kinachotengenezwa sehemu nyingi. Miongozo ya Uingereza huwapa dozi hiyohiyo wenye kisukari na selimundu. Kwingine hutofautiana, basi fuata mwongozo wa nchi yako.

Kosa tunaloliogopa zaidi ni la vipimo. Mteja ameambiwa "mia nne", anakuta kidonge kimeandikwa "5", anadhani ni kidogo mno na anameza kadhaa. Kumbe kidonge kimoja cha miligramu 5 ni zaidi ya mara 12 ya alichoandikiwa. Kukikata robo nako hakusaidii: robo ni 1.25, bado mara tatu ya kinachohitajika. Duka likiwa na cha 5 pekee, amuulize mfamasia. Mara nyingi kile cha mseto, chenye chuma na foliki 0.4, kipo rafu ya pili. Soma kila pakiti ya mseto, kwani kiasi cha foliki hubadilika kutoka mtengenezaji mmoja hadi mwingine.

Kosa la pili ni kinyume chake: mwenye kuhitaji 4 anameza vidonge kumi vya vitamini mchanganyiko ili hesabu ifike. Foliki itafika, ila na vitamini A itakuwa imerundikana. Ya aina ya retino ikizidi yuniti 10,000 kwa siku, yenyewe inaweza kumdhuru kijusi. Dozi kubwa itoke kwenye kidonge cha foliki tupu.

Zaidi ya miligramu 1 kwa siku isitumike bila daktari. Foliki nyingi huweza kurekebisha damu ya mtu mwenye upungufu wa vitamini B12 huku mishipa yake ya fahamu ikiendelea kuharibika bila dalili kuonekana mapema. Mfikirie hasa asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa. Na kwenye malaria, miligramu 5 hudhoofisha nguvu ya SP, dawa ya kukinga malaria kwa wajawazito; 0.4 haina shida hiyo.

Atakachokuambia

"Nakula mboga za kutosha." Mwambie aendelee, pamoja na maharage na machungwa. Lakini foleti, yaani foliki ya asili iliyo kwenye chakula, huharibika kwa moto, sehemu humwagwa na maji ya kuchemshia, na mwili huifyonza vibaya kuliko ya kidonge. Maini yana foleti nyingi, ila kwa anayetafuta mimba hatuyashauri kwa sababu ya ile retino.

"Vinanichefua." Ukiangalia, mara nyingi anameza mseto wenye chuma, na chuma ndicho kinachochefua na kufunga choo. Foliki tupu, usiku kabla ya kulala, humaliza malalamiko mengi. Ila kama ana upungufu wa damu, usimwondolee chuma bila kupanga mbadala.

"Nimemeza miezi minne, mimba haiji." Foliki si dawa ya kushika mimba, na hili liseme tangu siku ya kwanza, la sivyo ataacha mwezi ambao angeihitaji. Aendelee kwa muda wote anaotafuta, na mimba ikiharibika asiache.

Akisahau siku moja, ameze kama kawaida kesho yake bila kurudufu. Akija na kipimo chanya bila kuwahi kumeza chochote, aanze leoleo. Akiwa ndani ya wiki mbili za kukosa hedhi, huenda mrija bado unafunga.

Kwa mama mwenye mtoto wa mgongo wazi, chagua maneno kwa uangalifu. Kasoro hii ina sababu nyingi, za kurithi zikiwamo, na hutokea hata kwa waliomeza vidonge ipasavyo. Usimwache aondoke akidhani alimlemaza mwanawe kwa kukosa kidonge.

Mpe vidonge 90 kwa mkupuo, si 30. Kwenye kadi andika kipimo kamili, "0.4" au "5" pamoja na neno miligramu, tarehe ya kuanza na sababu ya dozi kubwa ikiwapo, ili mkunga atakayempokea ajue wiki ya 13 anampunguzia au anamwacha alivyo.