Kutafuta nyimbo za bure Google bila kujitafutia kesi

Kwanza tuelewane, kuandika "download mp3 bure" sio kosa, hakuna atakayekugongea mlango sababu umesearch. Ishu ni faili lenyewe limewekwa na nani. Google inaokota linki tu, haimuulizi mwenye blogu kama aliomba ruhusa kwa msanii. Kuna siku ukishuka mpaka chini ya matokeo unakuta katangazo kwamba linki kadhaa zimeondolewa sababu ya malalamiko ya hakimiliki, kwa ile sheria ya Marekani ya 1998, DMCA. Sasa usidhani zilizobaki ni halali, huenda hazijalalamikiwa tu.

Kwa Tanzania ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ndio wasimamizi. Na ile "wimbo wa kizamani huo, wa wote" sio kweli, haki za mtunzi zinadumu miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo mzee aliyefariki 1990 piga hesabu mpaka mwisho wa 2040.

Mimi kwenye Google naandika site:freemusicarchive.org (yaani itafute ndani ya tovuti hiyo tu) halafu aina ya mziki, au naingia Jamendo, tovuti nyingine ya nyimbo, moja kwa moja, nafungua ukurasa wa wimbo natafuta leseni ya Creative Commons (CC), yaani ruhusa ambayo mwenye wimbo ameshaitoa kwa watu wote kwa masharti yake. CC BY tumia ila mtaje mwenye wimbo, ikiwa na NC (sio kwa biashara) usiweke kwenye tangazo la duka lako, na ND (usiubadilishe) ndio inawaponza wengi, maana hata kuulaza wimbo chini ya video yako inahesabika umeubadilisha. Archive.org nayo ina hazina ila mtu yeyote anapandisha, kwa hiyo soma kwanza.

Msanii akiweka mwenyewe kwenye page yake wa bure, beba. Ila blogu yenye vitufe vitatu vya kijani vyote vimeandikwa DOWNLOAD, mmh. Angalia na saizi, wimbo wa dakika 4 kwa 320 kbps haufiki MB 10, na jina liishie .mp3, ukiona .apk futa hapo hapo, hiyo ni app inataka kuhamia kwenye simu yako.

Ukishapata wenye leseni, piga screenshot ya ule ukurasa, leseni ionekane na tarehe, weka folda moja na wimbo. Siku video yako ikipigwa claim, yaani mtu akidai umetumia wimbo wake bila ruhusa, unakuwa na cha kuonyesha.