Mtoto akisusa ugali, usikimbilie fimbo

Mi niko Uyole hapa Mbeya, nina wawili, mkubwa miaka 7 na huyu mdogo 4, na huyu mdogo ndo kanifundisha kazi. Ukimnyima kitu anajibwaga chini, ananuna, anasusa kula mpaka ugali unapoa, na kwa baridi yetu ya mwezi wa sita ugali haukusubiri. Zamani nilikuwa namwambia nyamaza, mtoto wa kiume halii, nikaona yameisha, kumbe anaenda kumalizia hasira kwa paka wa watu.

Sa hivi nafanya hivi. Nachuchumaa mpaka macho yetu yalingane, alafu kabla sijamkanya nalitaja lile linalomuuma: "umekasirika kaka kachukua gari lako eh?" Basi, nanyamaza. Hapo hotuba haina kazi. Maneno tunayo mengi, hasira, wivu, aibu, hofu, kinyongo, hamu, mtoto asipokuwa na neno anatumia meno, na wa kwangu alikuwa anang'ata kweli.

Ila tusichanganye, kumuelewa sio kumpa anachotaka. Gari halirudi kwa sababu amelia, na kumpiga kaka bado ni kosa, mi namwambia kukasirika ruksa, kupiga hapana. Bibi yao wa Tukuyu alisema namdekeza, sikubishana nae, nilimwacha aone mwenyewe.

Akiwa katikati ya kilio usimuulize maswali, hayaingii kabisa, kaa tu karibu yake, akipoa ndo muongee. Sokoni ndo kazi, kajilaza Mwanjelwa pale kwenye mafungu ya viazi na kila mama anakuangalia wewe, mbebe mtoke pembeni, waache waangalie. Na afadhali umwambie mkiwa bado nyumbani: leo tunanunua viazi na nyanya, biskuti hatununui. Ukisema hivo usije ukanunua!

Kugawana nako tunawaonea. Wa miaka 2 au 3 akikataa kutoa mdoli wake sio mchoyo, bado hajakomaa kwa hilo, mfundishe zamu, "akimaliza yeye unachukua wewe". Kombolela na rede zinafundisha hiyo kitu vizuri kuliko sisi, kusubiri, kushindwa, kugombana na kupatana, so wakizozana huko nje usitoke mbio kila saa labda kama wanaumizana.

Jioni tukishakula simu zinakaa chumbani, kila mtu anasema kilichomfurahisha leo na kilichomuudhi, naanza mimi, maana mtoto hawezi kufunguka kwa mtu ambae yeye mwenyewe hasemi kitu. Na nikimfokea bure namuomba msamaha, baba yao mwanzo alishangaa, akasema huyu bado mdogo ataelewa nini. Anaelewa sana, hata ile programu ya serikali ya MMMAM (Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto) iliyozinduliwa 2021 inahesabu malezi tangu miaka 0 mpaka 8, hawakusema tusubiri aanze darasa la kwanza.

Kuna vitu lakini sio vya kuongea nyumbani vikaisha. Mtoto alishaacha kukojoa kitandani sasa kaanza tena, au mchangamfu kawa kimya ghafla, au hataki kabisa kubaki na mtu fulani, usimpige na usimlazimishe kumsalimia huyo mtu hata kama ni ndugu. Muulize taratibu mkiwa wawili, mwamini, mpeleke kituo cha afya, na namba 116 ya huduma kwa mtoto unapiga bure hata kama huna vocha.