Bega Linalouma Muda Mrefu Baada ya Kuumia: Namna ya Kukitafuta Chanzo

Uliumia zamani, mkono ukaning'inizwa kwenye kitambaa wiki kadhaa, ukaambiwa mfupa ni mzima. Lakini mpaka leo huwezi kulalia upande ule, na kuvaa shati ni kazi. Usikubali kwamba hakuna tatizo eti kwa sababu eksirei ilikuwa safi. Eksirei huonyesha mifupa. Kano, gegedu (tabaka laini linalofunika ncha za mifupa) na mfuko unaozunguka kiungo haionyeshi, na bega lililoumia zamani mara nyingi limeharibikia huko. Kichwa cha mfupa wa mkono hukaa juu ya kisahani kidogo kisicho na kina, kikishikiliwa hasa na kano za misuli minne inayotoka kwenye bapa la bega. Kano moja ikichanika, kiungo kizima hufanya kazi kombo.

Kabla ya lolote, ondoa hatari. Nenda hospitali leo hii ikiwa bega linauma pamoja na kifua kubana, jasho jembamba au pumzi kukata; ikiwa kiungo kimevimba, kina joto na una homa; au ikiwa umeanguka tena na mkono umeacha ghafla kuinuka. Usichelewe pia ukiona uvimbe unaokua, unapungua uzito bila sababu, uliwahi kuugua saratani, au maumivu ya usiku hayabadiliki hata mkono ukitulia kabisa.

Ukishajiridhisha, anza na kuandika jinsi ulivyoumia, maana namna ya kuanguka huelekeza mahali pa kutafuta. Aliyeangukia ncha ya bega huumia zaidi kile kiungo kidogo ambapo mtulinga, mfupa wa mbele unaotoka kifuani hadi begani, hukutana na bapa la bega. Aliyejizuia kwa kiganja, mkono ukiwa umenyooka, huchana kano au kuvunja ukingo wa kichwa cha mfupa, na mpasuko huo mdogo ni rahisi kupitwa siku ya kwanza. Mkono uliovutwa au kupindwa ukiwa juu huteguka kwenda mbele. Degedege au shoti ya umeme huweza kulitegua bega kwenda nyuma, na picha iliyopigwa kutoka mbele peke yake inaweza kuonekana karibu ya kawaida. Andika pia mkono ulikaa kwenye kitambaa siku ngapi na kama uliwahi kufanyishwa mazoezi.

Kisha simama mbele ya kioo, mabega wazi, ulinganishe pande mbili. Onyesha kwanza panapouma, bila kufikiri sana. Anayeweka kiganja kizima upande wa nje wa mkono wa juu kwa kawaida ana shida ya kano, ingawa kano zenyewe ziko juu zaidi. Ndiyo maana kupaka dawa ya kuchua pale hakufiki kwenye chanzo. Anayegusa kwa kidole kimoja juu ya bega anaelekeza kwenye kiungo cha mtulinga. Anayeshika kati ya shingo na bapa la bega, huku ganzi ikishuka kupita kiwiko, achunguzwe shingo kwanza.

Sasa fanya majaribio haya, polepole:

1. Inua mkono kwa kando. Maumivu yanayoanza mkono ukikaribia usawa wa bega, yakapungua ukishapita juu, huashiria kano.
2. Peleka mkono kifuani hadi ushike bega la pili. Maumivu makali juu kabisa ya bega huashiria kiungo cha mtulinga.
3. Bana kiwiko ubavuni, kikiwa kimekunjwa nyuzi 90, ugeuze mkono kwenda nje kama anayefungua mlango.

Jaribio la tatu ndilo lenye faida kubwa kuliko yote, na ndilo husahaulika. Likikwama, mwombe mtu akusaidie kuusogeza taratibu bila nguvu. Naye akikwama, kiungo chenyewe kimefunga: huenda bega limeganda (mfuko wa kiungo umekakamaa), gegedu limelika, au ule mteguko wa nyuma haukugunduliwa. Yeye akiweza kuusogeza ila ukiachiwa unarudi wenyewe ndani, tatizo ni nguvu: kano imechanika au neva imeumia. Hayo mawili hutibiwa tofauti kabisa, na kuyachanganya ndiko kunakowapotezea watu miezi. Bega lililoganda huwapata zaidi wenye umri wa miaka 40 hadi 60 na wenye kisukari, kwa hiyo omba pia upimwe sukari. Kama bega liliwahi kuteguka, usijaribu kuinua mkono na kuupindua nyuma ukiwa peke yako. Mwambie daktari tu kwamba unahisi linataka kuchomoka.

Ukifika kwa daktari, usianze na "bega linaniuma". Sema: "Niliangukia kiganja, tangu hapo siwezi kugeuza mkono nje, na usiku huniamsha." Ukipelekwa eksirei, uliza kama itapigwa kwa pande zaidi ya moja, ikiwemo inayopitia kwapani au ubavuni. Kwa kano, altrasaundi ya mtu mzoefu inatosha mara nyingi. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, hufaa pale upasuaji unapofikiriwa, au ukingo wa gegedu unaposhukiwa baada ya bega kuteguka. Lakini picha isiamue peke yake: watu wengi waliopita miaka 60 wana kano zilizochanika na hawaumwi. Kinachoonekana kwenye picha lazima kilingane na mwendo unaouma.

Kama si mteguko wala mpasuko mkubwa wa ghafla, tiba ya kwanza kwa kawaida ni mazoezi ya wiki 6 hadi 12 chini ya mtaalamu wa fiziotherapia. Kwa kano huanza hivi: simama kando ya ukuta, kiwiko ubavuni, sukuma ukuta kwa mgongo wa kiganja kwa nusu ya nguvu zako, sekunde 30 hadi 45, mara 5. Yakizoeleka, tumia mpira wa kuvuta, mara 10 hadi 15 kwa mizunguko 3, siku moja ndiyo na moja hapana. Weka taulo lililokunjwa kati ya kiwiko na ubavu. Bila hilo kiwiko hutoroka na msuli mkubwa wa nje hufanya kazi isiyo yake. Maumivu ya 3 au 4 kwa 10 yanavumilika, mradi asubuhi inayofuata yamerudi yalipokuwa. Yasiporudi, punguza kwa nusu, usiache. Wengi huacha wiki ya pili, kabla kano haijaanza kupata nguvu.

Bega lililoganda na bado linauma sana halitaki kuvutwa. Inama, shika meza kwa mkono usiouma, uache ule unaouma uning'inie uchore duara dogo kwa dakika moja au mbili. Kulivuta kwa nguvu, hata kwa nia njema, huzidisha maumivu. Kupona kwake huchukua mwaka mmoja hadi mitatu.

Sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, hupunguza maumivu kwa wiki au miezi kadhaa, na hiyo ndiyo nafasi ya kufanya mazoezi. Haiungi kano iliyochanika. Mwenye kisukari ajue sukari inaweza kupanda siku kadhaa baada ya kuchomwa. Usiku, lala chali na mto mdogo chini ya kiwiko ili mkono usidondoke nyuma.

Wiki 12 zikipita bila mabadiliko, rudia jaribio la tatu, andika mkono unafika wapi, na upeleke karatasi hiyo kwa daktari wa mifupa.