Ndoa ya bomani Dar es Salaam: namna ya kuipanga kuanzia tangazo hadi cheti

Kama mmekubaliana kufunga ndoa ya serikali, msilipie ukumbi kwanza. Msichapishe kadi, wala msimpe mpishi malipo ya awali. Kamati haina uwezo wa kupanga tarehe ya ndoa ya bomani peke yake. Tarehe inatokana na tangazo mtakalopeleka kwa msajili, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka tangazo hilo lifike walau siku 21 kabla ya siku yenyewe. Ukumbi, picha, keki na magari vyote vinafuata nyuma ya hizo siku 21.

Kazi yangu ni kuratibu harusi hapa Dar es Salaam. Wanaonijia kwa ajili ya bomani wana sababu nyingi. Wapo Mwislamu na Mkristo ambao kila mmoja anabaki na dini yake. Wapo wajane wanaoanza upya, na wapo watu walioishi pamoja mpaka watoto wakafika sekondari. Wengine ni vijana wasiotaka kuchangisha mtaa mzima. Wote nawaambia neno moja: sheria inaitambua ndoa hii sawasawa na ile ya kanisani, ya Kiislamu na ya kimila. Basi ipangeni kwa heshima ileile.

Maelezo haya ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina utaratibu wake.

Hatua ya 1: Kaeni wawili, mjibu swali la aina ya ndoa

Hapa ndipo ninapotaka mtumie muda mrefu kuliko popote pengine. Sheria yetu inatambua ndoa za aina mbili: ya mke mmoja, na ile ya wake wengi au inayoweza kuwa ya wake wengi. Ndoa ya Kiislamu na ya kimila huchukuliwa kuwa ya wake wengi au inayoweza kuwa hivyo, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ndoa ya bomani ni tofauti na hizo: huchukuliwa kuwa ya mke mmoja, isipokuwa ithibitishwe kuwa sivyo. Maana yake ni kwamba bomani mna nafasi ya kuchagua, na mtaulizwa.

Nimeona wachumba wakisikia swali hili kwa mara ya kwanza wakiwa wamesimama mbele ya meza ya ofisa. Bwana anamtazama bibi, bibi anaangalia sakafu, kisha mmoja anajibu kwa niaba ya wote wawili ili foleni isogee. Jibu hilo ndilo linaloandikwa. Jambo zito namna hii halifai kuamuliwa kwa haya za dakika mbili.

Lijadilini nyumbani, tena kwa maneno yaliyonyooka. Bibi harusi mtarajiwa, kama unataka ndoa ya mke mmoja, sema, na uhakikishe ndiyo iliyoandikwa kwenye fomu kabla hujatia saini. Bwana, kama imani yako inakuruhusu wake zaidi na unataka kuibakiza nafasi hiyo, mwenzako anastahili kulisikia sasa. Kubadilisha aina ya ndoa baadaye kunawezekana, lakini ni kwa tamko la hiari la wote wawili, lililoandikwa na kutolewa mbele ya jaji au hakimu. Mmoja hawezi kulifanya peke yake.

Mkiwa bado mmekaa, zungumzeni pia kuhusu watoto ambao kila mmoja anakuja nao, madeni, na kiwanja kilichonunuliwa kabla hamjafahamiana. Ofisa hatawauliza hayo.

Hatua ya 2: Wazee

Wengi hudhani bomani ni njia ya kuwakwepa wazee. Kisheria ni kweli kwamba ndoa haibatiliki kwa sababu mahari haikulipwa au desturi fulani haikufuatwa. Sheria imelisema hilo wazi. Hata hivyo, mimi siwashauri watu wazima wawapelekee wazazi cheti kama taarifa ya habari. Pelekeni barua ya posa, mtumieni mshenga, wazee wapange mahari yao. Mkimaliza kwa wazee ndipo mwende kwa msajili. Pale ambapo mzazi amekataa kwa sababu ya dini au kabila, mkumbuke kwamba watu wazima mna haki ya kuoana kwa hiari yenu, na mlango wa bomani uko wazi. Mtafuteni shangazi au mjomba mmoja tu atakayesimama nanyi. Mtu mmoja wa damu chumbani siku ile ana thamani kubwa.

Kuhusu umri nina msimamo. Sheria ya 1971 iliweka miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke. Vifungu hivyo vilipingwa mahakamani, na Mahakama Kuu mwaka 2016, kisha Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zikaamua kwamba vinakwenda kinyume na Katiba. Binti aliye chini ya miaka 18 mimi simpangii harusi, hata wazazi wake wote wawili wakija wameshikana mikono.

Hatua ya 3: Kusanyeni karatasi

Mnaweza kwenda ofisi ya Mkuu wa Wilaya mnakoishi, iwe Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni, au RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, wenye makao yake makuu hapahapa mjini. Wilayani, msajili mara nyingi ni Katibu Tawala wa Wilaya. Kabla ya kubeba chochote, nendeni mara moja mkaulize orodha yao na ada yao, maana kila dirisha lina msisitizo wake. Kwa kawaida jiandaeni na vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya NIDA au pasipoti, picha ndogo za pasipoti, na barua ya serikali ya mtaa inayoonyesha mnakoishi. Bebeni nakala na vyeti halisi pamoja.

Kinachokwamisha watu ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwajuma Hamisi, kitambulisho kinasema Mwajuma H. Juma, cheti cha shule kina jina la tatu kabisa. Wekeni karatasi zote mezani, msome herufi kwa herufi. Zikitofautiana, nendeni kwa wakili au mahakamani mkaape kiapo cha majina kabla ya kwenda kwa msajili. Anayesubiri aambiwe dirishani anapoteza wiki nzima.

Aliyewahi kuoa au kuolewa aje na ushahidi kwamba ndoa ile imekwisha. Mjane au mgane alete cheti cha kifo. Aliyeachana alete hati ya talaka iliyotolewa na mahakama. Karatasi iliyoandikwa sebuleni mbele ya ndugu wa pande mbili haitoshi, na mtengano wa miaka kumi pia hautoshi: ndoa ipo mpaka mahakama iivunje. Kama kesi bado haijaisha, hii harusi haina tarehe. Isubirini.

Mgeni kutoka nchi nyingine huombwa pasipoti na hati kutoka kwao, au ubalozini kwao, inayothibitisha kwamba yuko huru kuoa au kuolewa. Hiyo ndiyo karatasi inayochelewa kuliko zote, kwa hiyo ianzeni mapema. Ikiwa imeandikwa kwa lugha nyingine isiyo Kiswahili wala Kiingereza, itafsiriwe rasmi.

Ada lipeni kwa namba ya malipo ya serikali, kupitia benki au simu, mkatunze risiti. Pesa taslimu msimkabidhi mtu koridoni, hata akiwa amevaa tai.

Hatua ya 4: Pelekeni tangazo, kisha mhesabu

Tangazo la kusudio la ndoa hueleza ninyi ni nani, mna umri gani, mnaishi wapi, wazazi wenu ni nani, kama mmewahi kuwa na ndoa nyingine, na kwamba hamna undugu unaozuia kuoana. Msajili hulitangaza hadharani. Waliokulia kanisani wanajua matangazo ya Jumapili tatu. Kazi ni ileile. Mwenye pingamizi la kisheria apate muda wa kulitoa.

Pingamizi halifai kuogopwa na mtu mwenye usafi wa mambo yake. Kusema tu "simpendi huyo mkwe" hakuzuii ndoa. Linalozuia ni jambo ambalo sheria inalikataza, kama vile ndoa nyingine ya mke mmoja ambayo bado ipo. Na kama bwana yumo kwenye ndoa ya wake wengi, mke aliyepo ana haki ya kupinga, mathalani kwa hoja kwamba uwezo wa mume ni mdogo na familia itapata shida. Pingamizi likiwasilishwa, ndoa haifungwi mpaka liamuliwe au liondolewe.

Sasa hesabu. Tuseme mmepeleka tangazo Jumatatu tarehe 1 Juni. Siku 21 zinatimia Jumatatu tarehe 22. Mimi nisingewaweka siku hiyohiyo. Ningeomba Ijumaa tarehe 26 asubuhi, sherehe ikafanyika Jumamosi tarehe 27. Siku hizo chache za katikati ni za kurekebisha karatasi iliyosahaulika. Angalieni pia sikukuu: Sabasaba na Nanenane ofisi zimefungwa, na Idi inategemea mwezi kuandama.

Mwenye dharura ya kweli, kama safari isiyosogezwa au mgonjwa mahututi, sheria imeweka leseni maalumu inayoruhusu ndoa bila kungoja siku 21. Huombwa, huelezewa sababu, na haitolewi kwa sababu ukumbi ulikuwa na punguzo la bei.

Hatua ya 5: Mashahidi

Wawe wawili au zaidi, watu wazima, wanaoelewa lugha itakayotumika. Wasimamizi wenu wa harusi wanaweza kuwa ndio mashahidi, na ndivyo ninavyopendelea, kwa sababu hao lazima watakuwapo. Waambieni wabebe vitambulisho. Chagueni pia shahidi wa akiba anayeishi karibu na ofisi, kwa ajili ya foleni ya Barabara ya Mandela au mvua ya Aprili.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Fikeni mapema. Vyumba vingi vya ofisi hizi ni vidogo, kwa hiyo ulizeni mapema wanaruhusu watu wangapi na kama mpiga picha anaingia. Kisha gaweni wageni: wazazi, wasimamizi, ndugu wachache sana ndani, wengine wangoje nje au waelekezwe moja kwa moja kwenye chakula. Msiwaachie walinzi kazi ya kuwazuia mashangazi. Mteueni kijana mmoja mpole mwenye orodha.

Mavazi ni hiari yenu. Shela jeupe linafaa, kitenge cha kufanana kinafaa, kanzu na suti vinafaa. Bibi harusi avae kitu anachoweza kukalia na kusainia.

Ndani, ofisa atahakiki majina, atauliza kama kila mmoja anaingia kwa hiari yake, na atawaeleza aina ya ndoa mliyoichagua. Mtatamka mbele ya mashahidi kwamba mnachukuana kuwa mume na mke. Jibuni kwa sauti. Mama aliyekaa nyuma amekuja kusikia. Pete si sharti la kisheria, lakini mkizileta ofisa kwa kawaida huwapa nafasi ya kuvishana. Kama mnataka kusema maneno yenu wenyewe, au babu aombe dua fupi, mwombeni ofisa ruhusa siku moja kabla. Wengi hukubali wakiombwa vizuri. Shughuli yote ni fupi, hivyo mpiga picha ajue mapema ni wakati gani wa kuwa wapi: wakati wa kutamka, wakati wa pete, wakati wa saini. Vigelegele na matarumbeta yabaki nje ya geti, maana chumba cha pili kuna mtu anafuatilia cheti cha kifo cha mzazi wake.

Hafla ya mchana inatosha kabisa: pilau, matunda, keki moja, mshereheshaji anayejua kunyamaza. Mkitaka sherehe kubwa, ifanyeni Jumamosi, na cheti kiwe tayari kabatini.

Hatua ya 7: Cheti

Kabla ya kutia saini, kila mmoja asome jina lake, tarehe, na aina ya ndoa. Kosa likionekana hapo hurekebishwa hapohapo. Likionekana baada ya miezi sita linahitaji barua na safari. Mke halazimiki kubadili jina lake. Cheti kinaandika majina yaliyo kwenye hati zenu.

Hasa ninyi mlioishi pamoja muda mrefu, nawasihi mkichukue na kukitunza. Ni kweli sheria inaweza kuwadhania kuwa mke na mume mkithibitika kuishi pamoja miaka miwili au zaidi na kuheshimika hivyo mbele ya jamii. Lakini dhana hiyo hupingwa, na kwa kawaida hupingwa wakati mmoja wenu hayupo tena kujieleza. Nimewasindikiza wajane mahakamani wakiulizwa na mashemeji kwamba waliolewa lini. Mwenye cheti alifungua bahasha tu.

Toeni nakala kadhaa, mkazithibitishe kwa wakili. Wiki hiyohiyo mpelekee mwajiri nakala moja, muongeze mwenzi kwenye bima ya afya, na msasishe majina ya wategemezi kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF. Kama mmoja wenu atahitaji kutumia cheti nje ya nchi, ulizeni ubalozi wa nchi hiyo wanataka kithibitishwe na nani kabla hamjakata tiketi.