Safisha majina ya dawa kabla ya kulaumu mfumo

Mifumo mingi ya famasi ninayoikuta hapa Tabora haina ubaya wowote. Kinachoiangusha ni orodha ya dawa iliyoingizwa. Ukitafuta "Panadol" unaona vidonge, ukitafuta "PCM" unaona vingine, ukitafuta "paracetamol" unaambiwa stoo tupu. Kumbe ni dawa ileile, rafu ileile.

Hatua ya 1. Toa orodha yote, iweke kwenye Excel, ipange kwa alfabeti. Nakala moja hifadhi bila kuigusa.

Hatua ya 2. Kila dawa ipe safu tatu: jina la asili (la dawa yenyewe, si la kampuni), nguvu, umbo. Yaani paracetamol, 500 mg, kidonge. Fuata majina ya kimataifa ya WHO. RxNorm, orodha sanifu ya majina ya dawa ya Marekani, ni mfano mzuri wa mpangilio huu, ila usinakili majina yake: humo paracetamol ni acetaminophen na salbutamol ni albuterol. Panadol, Flagyl na Septrin zibaki kama majina ya kutafutia, maana ndiyo mgonjwa anayotaja dirishani. Andika 0.5 mg, si .5 mg, andika 5 mg, si 5.0 mg. Nukta ikififia kwenye lebo, dozi imepanda mara 10.

Hatua ya 3. Tenganisha dawa na paketi. Chukua mseto, ALu (artemether na lumefantrine) 20/120 mg, ambayo mikoa yetu hii ya malaria haiwezi kukaa bila hiyo. Kuna paketi za vidonge 6, 12, 18 na 24, kwa kufuata uzito wa mgonjwa, na wengi huzisajili kama dawa nne. Paketi ya 6 ikiisha, mfumo unasema mseto wa mtoto hakuna, huku maboksi ya 24 yamejaa stoo. Sajili dawa moja, stoo ihesabiwe kwa kidonge, paketi nne zikae chini yake. Kidonge cha kuyeyusha kwenye maji, hicho kweli ni umbo jingine. Kipe mstari wake.

Hatua ya 4. Ongeza msimbo wa ATC, yaani mpangilio wa WHO wa kugawa dawa kwa makundi, lakini usiufanye utambulisho wa dawa. N02BE01 ni paracetamol ya kidonge na ya maji pia, wakati metronidazole ya kunywa kutibu amiba ni P01AB01 na ya mshipani ni J01XD01. Namba ya Bohari ya Dawa ipe safu yake. Ni ya kuagizia.

Hatua ya 5. Majina ya zamani yazime, usiyafute, la sivyo kumbukumbu za wagonjwa zitabaki bila dawa. Kazi hii ifanye siku ya kuhesabu stoo, dirisha likiwa limefungwa.